Siku Walipomfukuza Tubebe

Bei ya kobalti ilipoporomoka, wenye depo kubwa la kununulia madini la Kasulo, mtaa wa Kolwezi, waliondoka bila kuaga. Walichukua mizani, jenereta, hata makufuli ya milango. Walichoacha ni roboti ya kubeba magunia, yenye miguu minne kama mbuzi na mikono mirefu kama ya mtu. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini yenyewe hakuna aliyeiambia. Ikawa inazunguka mtaani ikimsimamisha kila mpita njia: "Bonjour. Tubebe nini?" Watu wakaiita Tubebe.

Mama Mushiya, muuza makaa, ndiye aliyeijibu kwanza. "Beba hii gunia, tata, upeleke ku nyumba," alisema kwa mzaha. Kabla hajamaliza kucheka, gunia lilikuwa njiani, naye anakimbia nyuma yake akipiga kelele kwamba nyumba si ile, ni ile ingine. Soko zima lilishika mbavu.

Basi Tubebe akawa wa wote. Alibeba bidoni za maji, magodoro, milango, hata kinanda cha kanisa pamoja na mpigaji aliyekataa kukiachia. Waliokuwa hawacheki ni Dady na wenzake. Tangu mgodi waliokuwa wakichimba ufungwe, wao walikula kwa kubeba mizigo ya watu kwa baiskeli na mikokoteni.

Jumamosi moja wakaja na ngoma mpaka uani kwa Mama Mushiya, ambako Tubebe alikuwa akiota jua.

"Mama, tunakuya kumufukuza," Dady alisema kwa upole, kama mtu anayepiga hodi. "Tutamupeleka ku gare ya treni, tumutie mu wagon. Aende kwabo."

"Kwabo ni wapi?"

Dady akajikuna kichwa. "Kule alitokea."

Maneno hayo Mama Mushiya alishayasikia utotoni, kwenye stesheni hiyohiyo. Baba yake, mzee Mpoyi, alizaliwa Kolwezi, lakini siku hizo, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa, aliambiwa arudi kwao, jimbo ambalo hakuwahi kuliona. Walilala chini na masufuria yao wakingoja treni, na waliowafukuza nao walikuwa na ngoma. Mushiya alirudi baadaye, ameshaolewa. Haya yote hakumwambia Dady. Alikaza kitenge kiunoni, akawafuata, wao wakiimba "Aende kwabo".

Njiani mambo yakaharibika, au tuseme yakatengenea. Tubebe, aliyeongozana nao bila kujua anafukuzwa, aliona watu wamebeba vitu, akauliza kama kawaida yake. Kijana mmoja akamtupia ngoma kwa dharau. Tubebe akaipokea vizuri, akaishika usawa wa kifua cha kijana, na kijana akajikuta anaipiga kwa nguvu kuliko mwanzo. Fidélie, muuza samaki aliyefuata msafara, akaona ni ujinga kuumia shingo bure, akamtwisha beseni lake. Waliosimama milangoni mwao wakauliza ni harusi ya nani. Mtu akajibu, "Ya Tubebe," na vigelegele vikapanda. Kwaya iliyokuwa inatoka mazoezini ikajiunga bila kuuliza chochote. Mama Mushiya, aliyetoka nyumbani na hasira yake kamili, alicheka hadi machozi, akaona haya, akacheka tena.

Stesheni walimsukumia Tubebe ndani ya behewa tupu. Upande wa pili kulikuwa na mama mmoja aliyetoka Sandoa, anahangaika na magunia ya mihogo. Tubebe akatokea mlango wa pili, akambebea. Wakamrudisha. Akatoka tena, safari hii na mbuzi wa mtu. Ndipo Dady akaingia mwenyewe kumzuia, na Tubebe akashuka naye begani. Watu walianguka chini kwa kicheko.

Dady peke yake hakucheka. "Municheke," alisema kutoka huko juu. "Lakini huyu hakulyake chakula. Mi niko na batoto. Mama Mushiya, tangu ulimupata huyu, uliniita siku gani?"

Mama Mushiya alitafuta siku hiyo kichwani, hakuiona.

"Uko na haki, Dady," akasema. "Nilipenda bya bure, nikasahau weye unakulya. Kosa ni yangu. Lakini niko na woga. Si juu yake. Chuma ni chuma, hailie. Naogopa ile mwimbo yenu ya 'aende kwabo'. Batu walituimbia vile hapahapa, mi na baba yangu. Kinywa ikizoea ile neno, haitauliza tena kama inafukuza mashini ao mutu."

Wazazi wa Dady walishamsimulia habari za treni zile, ila hakuwahi kufikiri kwamba zilimpakia mtu anayemfahamu.

"Sasa tufanye namna gani?" akauliza. "Ashale hapa, mi nikufe na njala?"

Hapo stesheni ikageuka baraza. Mzee Tshimanga, mmoja wa waliofuata msafara, alitaka Tubebe awabebee wazee na wagonjwa tu. Fidélie akasema basi yeye ni mgonjwa tangu leo. Wakabishana, wakacheka, wakabishana tena, hadi wakakubaliana: mizigo ya soko ni ya kina Dady, na Tubebe atavuta mikokoteni yao, wao wakilipwa. Maji ya wakongwe atayabeba bure, na hapo Mama Mushiya hakukubali lipunguzwe hata neno.

Wiki iliyofuata Tubebe aliwatoroka mara kwa mara, maana sheria za baraza hakuzielewa, na kina Dady wakawa wanamkimbiza sokoni wakimdai mwenye mzigo malipo. Lakini walikula.

Siku ile ya stesheni walirudi Kasulo kwa wimbo wa kwaya, ule wa "aende kwabo" ukiwa umesahaulika. Mama Mushiya alitembea kando ya Tubebe, miguu imejaa vumbi, akimuuliza Dady habari za shule ya watoto wake. Dady alimjibu kutoka juu begani, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiambia mashine imteremshe, naye mwenyewe, kusema kweli, hakuwa na haraka.