Paja la Kulia

Paja langu la kulia lilianza kuungua miezi miwili baada ya wifi yangu kuingiza cherehani yake katika chumba changu cha ushonaji. Naitaja hiyo miezi makusudi, ili uone jinsi nilivyokuwa nahesabu. Miaka kumi na tisa nilishona katika chumba kile peke yangu na sikuwahi kuungua hata kidole. Amekuja mtu, nami naungua. Ningekuwa mjinga kiasi gani nisijumlishe?

Moto wenyewe ulikuwa na vituko. Ulikaa upande wa nje wa paja, sehemu ya ukubwa wa kiganja, kati ya nyonga na goti. Nikishona kwa saa moja, nahisi kama nimemwagiwa chai inayochemka. Napapasa haraka, naona ngozi haina joto lolote, haina upele, haina lengelenge, iko vilevile kama ya mguu wa pili. Siku nyingine moto uligeuka barafu, sehemu ileile, na gauni likigusa pale tu machozi yananilenga. Nilikuwa naungua bila moto, na jambo la namna hiyo lazima lina mwenyewe.

Wifi ni mke wa marehemu kaka yangu. Siku tatu kabla hajafariki, kaka alinishika mkono akaniomba kitu kimoja: mke wake asikose pa kuweka cherehani yake. Nikamwambia hatakosa. Sikusema ili kumridhisha mgonjwa, nilimaanisha. Matanga yalipokwisha nikasogeza meza ya kukatia, nikampa sehemu ya kulia kwangu, karibu na meza ya pasi.

Tatizo la wifi ni upole. Mimi nikikasirika mtaa mzima unajua, na baada ya saa moja nimeshasahau. Yeye anakaa kimya kutwa nzima, anatunga uzi, anatabasamu, anakanyaga cherehani. Mtu wa hivyo siwezi kujua anawaza nini, na nisichokijua huwa nakijaza mwenyewe.

Katika wiki yake ya tatu, hariri ikapotea. Ilikuwa mita tatu, kijani iliyokoza, mali ya mwalimu mstaafu ambaye nimemshonea tangu anafundisha. Niliipokea kwa mikono yangu, imejikunja vibaya kwa kukaa mfukoni, na keshokutwa yake nilipotaka kuikata haikuwepo. Nilipekua kabati mara tatu. Nilitoa kila kitu kwenye droo. Wifi akaniuliza, "Unatafuta nini, wifi, nikusaidie?" Nikamjibu, "Chaki tu."

Sikumuuliza. Kumwambia mjane wa kaka yako kwamba ni mwizi ni neno likishatoka halirudi. Mwalimu nilimdanganya kwamba paa limevuja na kazi itachelewa, nikazunguka maduka mpaka nikapata hariri inayofanana na yake, nikamshonea, yakaisha. Kwake yaliisha. Mimi niliendelea kumtazama wifi mikono kila alipofunga mkoba wake kwenda nyumbani.

Nikatia kufuli kwenye kabati la vitambaa, kufuli kwenye droo, na kufuli kwenye sanduku la bitana. Wifi alipoziona nikamwambia ni kwa ajili ya panya. Hakuuliza ni panya wa aina gani anayefungua kabati kwa mkono. Zamani funguo nilizitundika kwenye msumari ukutani, lakini sasa nilishona utepe wa turubai, ule mgumu wa mikanda ya mabegi, nikazitia funguo tatu humo na kuufunga kiunoni chini ya gauni. Mara ya kwanza nilipoinuka zililia. Nikaukaza. Zikalia kidogo. Nikaukaza tena, mpaka zikabanwa kwenye nyonga na kunyamaza kabisa. Sikutaka wifi ajue kwamba natembea nazo hata chooni. Nilikuwa nauvua wakati wa kuoga tu.

Basi ulipoanza huo moto wa paja, mshtakiwa nilikuwa naye tayari. Kilichobaki ni ushahidi.

Nilianza na pasi. Ilikuwa upande wangu wa kulia na paja ni la kulia, kwa hiyo niliona mambo yameshajieleza. Nikaihamisha meza ya pasi hadi ukuta wa pili, nikasema nataka hewa. Wifi akanisaidia kubeba. Paja likaendelea kuungua, hata zaidi.

Nikahamia kwenye mto wa kiti. Wifi aliushona kwa mabaki ya vitambaa, akaniwekea siku moja akisema kigoda changu ni kigumu. Kwa nini mtu ajishughulishe na makalio ya mwenzake? Alipotoka kwenda kununua vifungo niliukamata, nikaufumua mshono kwa kiwembe na kuupekua. Kulikuwa na sponji, vipande vya kitenge na nyuzi. Nikaushona upya haraka, na kwa vile nilikuwa na haraka mshono ukaenda upogo. Aliporudi aliutazama ule mshono, akanitazama mimi, akakaa kwenye cherehani yake.

Baada ya hapo ikawa chai. Alikuwa anatuchemshia saa nne. Nikaanza kubadilisha vikombe akigeuka. Alikunywa changu chenye vijiko vinne vya sukari siku tano mfululizo, na hakulalamika. Hilo nalo nikaliandika kichwani: ni nani anakunywa chai ya vijiko vinne halafu ananyamaza?

Mume wangu nilimweleza tukiwa mezani. Yeye ni fundi wa redio na anapenda kufikiri kila kitu kina waya uliolegea. "Labda ni umri," akasema. "Dada yangu naye alikuwa anapatwa na joto la ghafla, anajipepea mpaka na sahani."

"Joto la umri linachagua paja moja?"

"Sasa unataka nikwambie nini? Nenda hospitali."

Jirani yangu wa pale kazini, fundi viatu tunayemwita Gundi, yeye alisema damu imekuwa nzito. Halafu akainamia kiatu na kushusha sauti. "Na huyo mgeni wako, mnaelewana?" Nilifurahi kwamba si mimi peke yangu ninayemshuku.

Wifi mwenyewe ndiye aliyenishangaza. Siku moja aliniona nimesimama katikati ya mshono, nimelishika paja. "Wifi, mguu huo usiupuuze. Inaweza kuwa sukari. Marehemu mama nyayo zilikuwa zinawaka moto hivyohivyo, tukachelewa. Nenda hospitali, kazi nitashika mimi."

Kazi atashika yeye. Nililisikia hilo kuliko yote mengine. Nikaona sasa mpango wote: mimi nikakae foleni kutwa nzima, yeye abaki na chumba. Hasira zikanipanda, na paja likawaka, na nikasema neno ambalo nilikuwa nimelizuia wiki zote hizo.

"Jumamosi uchukue cherehani yako, wifi. Chumba kimetubana."

Aliacha kukanyaga. Akakata uzi, akalikunja gauni alilokuwa analishona taratibu, akaliweka kando. "Sawa," akasema. Hakuuliza kosa lake. Nilimtazama nikasema moyoni, mwenye haki angeuliza. Lakini mkono wa kaka niliuhisi mkononi mwangu jioni ile yote, na sikuweza kula.

Hospitali nikaenda, si kwa sababu yake, kwa sababu paja lilikuwa halinipi raha. Daktari alikuwa binti wa rika la mwanangu wa kwanza, lakini alikuwa anauliza maswali kwa subira ya mtu mzima. Alinipima sukari, akanipima damu na tezi ya shingo, akaniambia nirudi Jumamosi asubuhi kuchukua majibu.

Jumamosi nikamkuta ameyapanga mezani. "Sukari yako nzuri, mama. Tezi iko sawa, damu unayo ya kutosha. Kuna watu wanahisi joto au baridi kwa sababu ya hivyo, wengine kwa sababu hedhi inakoma, wengine kwa kukosa vitamini, wengine kwa pombe. Wewe ni sehemu moja tu, na mguu mmoja. Hebu panda kitandani tuone."

Akanifumba macho, akanigusa kwa pamba na kwa ncha ya pini, niseme ni kipi. Kwenye goti nilijua. Kwenye paja la kushoto nilijua. Kwenye ile sehemu yangu, pini niliisikia kwa mbali, na pamba ikaniunguza nikaruka.

"Sasa nione nyonga," akasema, akapandisha gauni. "Mama, hiki ni nini?"

"Mkanda."

"Wa kazi gani?"

"Wa funguo."

Akajaribu kupitisha kidole chini ya utepe, kikakataa. Aliufungua kwa shida, maana fundo nilikuwa nimelikaza sana. Ngozi ilikuwa na mfereji mwekundu kutoka tumboni mpaka nyonga, na upande wa kulia funguo zilikuwa zimejichora, meno yote unayahesabu.

"Umeanza lini kuuvaa?"

"Miezi mitatu hivi."

"Na kuungua kulianza lini?"

Nilikuwa nahesabu, na safari hii hesabu ilinipeleka mahali pengine.

Akaniwekea kidole karibu na mfupa wa nyonga. "Hapa unapita mshipa wa fahamu. Kazi yake ni kupeleka habari za ngozi ya paja kwenye ubongo, basi. Ukiubana, unapeleka habari za uongo. Unasema kuna moto na moto haupo. Paja lako ni zima. Usivae kitu cha kukubana hapa, taratibu utatulia, japo unaweza kuchukua wiki kadhaa." Akanirudishia utepe. "Kwani hizo funguo hazikai kwenye mkoba?"

Nikamwambia zitakaa. Nikatoka na utepe mkononi, funguo zinalia njia nzima, na watu wananigeukia. Nilitembea haraka kadiri mguu ulivyoniruhusu, maana ilikuwa Jumamosi na ilikaribia saa sita. Nilikuwa na aibu, lakini nisidanganye, shaka haikuwa imeisha yote. Moto haukuwa wake, sawa. Hariri je?

Nilimkuta bado yupo. Cherehani yake ilikuwa imefungwa kwa shuka na kamba, imesimama mlangoni. Chumba alikuwa amekifagia, na blanketi mbili za meza ya pasi alikuwa amezifua na kuzianika nje. Ubao wa meza ulikuwa mtupu. Juu yake palikuwa na kitambaa cha kijani kilichokunjwa vizuri.

"Nimekikuta kati ya blanketi," akasema. "Nilitaka niondoke meza ikiwa safi. Ni chako au cha mteja? Kimepigiwa pasi juu yake mpaka kimekakamaa."

Nilikishika. Mita tatu za hariri, zimenyooka, zimefifia katikati kwa joto la miezi mitatu. Na nikakumbuka, waziwazi, kama niko palepale. Hariri iliyokunjika haipigwi pasi moja kwa moja. Mama yangu alinifundisha kuilaza kati ya blanketi za meza kwa siku moja, ijinyooshe yenyewe kwa uzito na joto la kazi za juu. Hakuna fundi mwingine ninayemjua anayefanya hivyo. Niliilaza kwa mikono yangu, akaja mteja na haraka zake, nikaisahau. Kila siku baada ya hapo tumepiga pasi juu yake, mimi na yeye, huku namhesabia vikombe vya chai.

Nikakaa kwenye kigoda, juu ya ule mto wenye mshono upogo. "Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta siku ile," nikamwambia. "Haikuwa chaki."

"Najua haikuwa chaki. Chaki ulikuwa nayo sikioni."

"Nilidhani umeichukua wewe."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, kwa kusikia jambo alilolisubiri muda mrefu. Nikaona afadhali niyamalize yote. Nikamwambia habari ya mto na habari ya vikombe. Nikamwambia daktari amesema sina ugonjwa, ni mkanda tu umebana mshipa, na nikauweka utepe mezani na funguo zake. "Huu. Niliufunga kwa ajili yako. Nikaukaza hivyo zisilie, usijue kama natembea nazo. Nisamehe, wifi. Kaka aliniachia neno moja tu, na hilo moja limenishinda. Cherehani yako isitoke humu."

Akainama kwenye kamba ya shuka, akaanza kulifungua fundo, kwa utaratibu wake uleule ulionitia wasiwasi tangu mwanzo. Lilikuwa gumu. Nikamsogezea mkasi, akakataa, akaendelea na kucha.

"Zilikuwa zinalia, wifi," akasema bila kuinua kichwa. "Kila ulipoinuka. Tangu siku ya kwanza."