Karibu Usome Kidogo

Niyubahwe wa Kibondo hakuweza kuona kitu kikitengenezwa akapita njia yake. Lazima asimame, aulize, ashike, na baada ya muda utamkuta naye anakitengeneza, kwanza vibaya, kisha si vibaya sana, kisha vizuri kabisa. Ndivyo alivyojua kusuka vikapu, na ndivyo alivyojua kufungua redio iliyokufa na kuifunga ikiwa inaongea. Kambi ya Mtendeli ilipofunguliwa tena kwa wakimbizi, alikwenda huko kuuza ndizi, akarudi anajua kupika sabuni. Mizinga ya nyuki alikuwa nayo kwa mjomba wake kule Mabamba, cherehani ilikuwa nyumbani, na brashi zake za kuchorea mabango zilikaa jikoni kwenye kopo moja na miiko. Yeye hakuchoka. Majirani ndio waliochoka kwa niaba yake.

Aliyechoka kuliko wote ni dada yake, Pelagia. Pelagia alishona sare za shule, sare tu, hata gauni la harusi alikataa, na mji mzima ulijua kwenda kwake.

"Chagua kimoja, mdogo wangu," alikuwa akimwambia. "Watu wakiniuliza unafanya kazi gani, niwajibu nini? Nianze na nyuki au na redio?"

Niyubahwe alicheka kila mara, lakini swali lilimchoma. Kuchagua hakutaka. Alichotaka ni chumba: mahali pamoja penye mlango, cherehani upande huu, redio upande ule, sabuni ikikauka juu, vitu vyake viache kugombania nafasi chini ya kitanda. Kwa hiyo Bi Swaumu wa Kasulu alipomwita, alifunga brashi zake kwenye khanga na kupanda gari siku hiyohiyo.

Bi Swaumu alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Pangani, mwanamke wa maneno ya papo kwa papo. Alikuwa anafungua mgahawa wa vinywaji karibu na soko: uji wa ulezi asubuhi, juisi ya pasheni, maji ya tangawizi kwa asali. Ubavuni mwa mgahawa kulikuwa na chumba kitupu.

"Nichoree ukuta wa mbele," alisema. "Ukinipendeza, chumba hiki ni chako, kodi utanilipa kwa asali. Usiponipendeza, nampa fundi simu, maana ananiganda kama kupe. Maneno nakuachia wewe, wewe ndiye wa huku. Andika kitu kitamu, mtu akitaka kupita ashindwe."

Akaenda zake Tanga kwenye harusi ya mpwa wake. Niyubahwe akafikia kwa shangazi yake na kuingia kazini.

Alichora kikombe kikubwa kuliko mtu, mvuke ukipanda, na nyuki wakizunguka ukingo wake, nyuki wenye miguu iliyokaa inavyopaswa, kwa sababu mchoraji alikuwa anawafahamu. Wapita njia walimsalimu kwa Kiha, "Mwidiwe!", naye akaitikia kwa Kiha akiwa juu ya ngazi, wakataniana, wakaulizana habari za mahindi. Mwishowe, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, akaandika: KARIBU USOME KIDOGO.

Watu wakasimama, wakatazama, wakameza mate. Katekista mmoja mwenye baiskeli alisema Kasulu haijawahi kuandikwa vizuri namna ile. Hakuna aliyeona kasoro.

Bi Swaumu alirudi na hina bado imekolea viganjani. Kabla hajafika mlangoni, wasichana wawili wenye mabegi ya shule wakamwamkia.

"Shikamoo, mama. Hii tuisheni ni ya kidato cha ngapi?"

"Tuisheni gani tena?" Akainua macho ukutani, akaduwaa. "Niyubahwe! Njoo hapa! Usome kidogo? Asome nini? Mimi nauza juisi au naandaa watu kwa mtihani wa taifa?"

Hapo ndipo Niyubahwe alipousoma ukuta wake kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza. Aibu ikamshika hadi masikio yakawaka moto. Kwao kitabu husomwa, na kinywaji nacho husomwa. Neno ni lilelile. Mgeni akiketi hupewa chombo akaambiwa asome, yaani apige funda. Siku nzima alikuwa akizungumza Kiha, na mkono ukaandika kilichokuwa mdomoni.

Akaeleza, na maelezo yakazidi kuharibu.

"Chombo gani?" Bi Swaumu aliuliza, macho yamemtoka.

"Kibuyu, zamani. Cha..."

"Cha pombe! Astaghfirullah! Nimetoka harusini salama, narudi nakuta ukuta wangu unaita walevi!" Akashika kiuno. "Na dada yako aliniambia. Nilimuuliza kabla sijakuita, akasema unashika kila kitu, unavuruga kila kitu. Futa. Chumba anaingia fundi simu."

Maneno ya Pelagia yalimuuma kuliko amri ya kufuta ukuta. Akachukua kopo la tina ya kufutia rangi na kitambaa, akapanda ngazi, akaitazama ile S nyekundu kwa karibu. Ilikuwa S nzuri. Akashuka.

"Bi Swaumu, kosa langu nalikubali. Lakini watu wa huku nawajua. Kesho ni gulio. Fungua, keti hapa barazani, sikiliza tu. Wakipita bila kuingia, nafuta mwenyewe na naondoka."

"Una kiburi, wewe."

"Ninacho, mama."

Kesho yake walikaa barazani. Akatokea mama mmoja wa Munanila, ana gunia la maharage kichwani. Akasimama, akaanza kuunganisha herufi kwa sauti: "Ka-ri-bu u-so-me..." Akacheka mpaka gunia likayumba. Akawaita wenzake kwa kelele, wakaja, nao wakacheka, wakatua mizigo mlangoni na kuingia wote.

Bi Swaumu akamimina tangawizi. Yule mama akavuta funda kwa mlio, akampa kikombe jirani yake. "Soma na wewe."

"Kwani hilo si neno la pombe?" Bi Swaumu aliuliza.

"Hata maji tunasoma, mama. Hata dawa." Akajifuta mdomo. "Mimi nimeanza kuja Kasulu zamani. Kuta zote za mji huu huniambia nisikojoe, nisitupe taka, nisiweke biashara hapa. Leo ndiyo ukuta umeniambia karibu, tena kwa neno la kwetu."

Bi Swaumu akachukua birika. Alimimina tena, na safari hii alijaza mpaka ukingoni.

Mchana akatoa ufunguo. "Ongeza pale chini: hakuna pombe. Herufi kubwa. Na mlangoni kwako andika wewe ni fundi wa nini, watu wasinisumbue kuuliza."

Niyubahwe akasimama mbele ya mlango wa chumba chake na brashi mkononi. Fundi cherehani? Basi redio zitalala nje. Fundi redio? Na sabuni je? Kila neno alilofikiria lilifungia kitu nje. Mwishowe akaandika jina lake, na chini yake: GONGA UULIZE.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Pelagia alikuja Kasulu kununua kitambaa cha sare. Niyubahwe alikuwa ndani anapanga sabuni, akaona kwa chini ya mlango viatu anavyovifahamu vikisimama. Vilikaa hapo kitambo. Wale ni ndugu wa tumbo moja, na tangu utoto Pelagia alikuwa mtu wa kusukuma mlango na kuingia akiwa tayari anagomba.

Safari hii aligonga.

"Nani?"

"Mteja," Pelagia alisema. "Nimekuja kuuliza."