Tofali za Siku Mbili

Mzee Romani aliinua kuta za watu tangu Mbagala ikiwa mikorosho mitupu, lakini siku nyumba yake mwenyewe ilipojengwa alipewa fulana ya njano na kiti cha plastiki, akaambiwa akae atabasamu.

"Wewe ndiye familia yenye uhitaji," Fredrick alimweleza. Huyo Fredrick ndiye mratibu wa vijana ishirini waliopanda ndege kutoka Ulaya, kwa nauli zao, kuja kuwajengea maskini huku nyuma ya Chamazi. "Familia haishiki mwiko, mzee wangu. Ukiwanyang'anya kazi wageni, wao watafanya nini?"

Basi akakaa. Akatazama. Na vijana wenyewe hakuwa na ugomvi nao: pua zimebabuka kwa jua, toroli moja la mchanga wanalisukuma watatu huku wakiimba. Hawajui, na asiyejua hana kosa. Aliyemchoma roho ni anayejua akanyamaza. Tofali zilifyatuliwa Jumanne, Alhamisi zikapanda ukutani. Hazikunywa maji hata kopo moja! Mtoto anayecheza karibu na mafundi anajua kwamba tofali humwagiliwa asubuhi na jioni siku saba, la sivyo jua huinyonya ikabaki sura tu. Lakini Jumamosi ndiyo siku ya kukabidhi funguo, Jumapili ndege inaruka, na Anwar, mwenyekiti wa mtaa, alishakodi turubai na spika.

Haya Romani aliyajua kwa kuyalipia. Mwaka juzi choo cha soko kilijengwa kwa haraka hiyohiyo, kwa kuwa mkubwa fulani anakuja kuzindua. Mkubwa akaja, akakata utepe, akaondoka. Mvua ya kwanza ya masika, ukuta ukamlalia binti yake Jesca, aliyekuwa amejibanza pale na beseni la maandazi. Wakaleta sanda na gunia la mchele. Hakuna aliyeulizwa. Watu wenye viti hawaulizwi. Wao ndio wanaouliza.

Na sasa alale chini ya ukuta wa aina ileile, yeye na Hope, mjukuu wake wa miaka sita?

Ijumaa mchana, kazi iliposimama kwa chakula, alimfuata Anwar chini ya turubai.

"Mwenyekiti, zile tofali mbichi."

"Mzee Romani, si umepanga chumba kimoja kwa Shamimu, paa linakuvujia? Leo umepewa nyumba. Sema alhamdulillahi, au hata ile yenu ya kanisani."

"Nitasema zikitimiza siku saba."

"Siku saba wageni wako kwao! Picha ya funguo tutapiga na nani, na mbuzi?" Wapambe wake wakacheka. "Hawa ndio maskini wa siku hizi, wanachagua mpaka tofali."

"Mwomba chumvi huombea chungu chake," Romani akamjibu. "Na chungu changu mie ni yule mtoto."

Akaenda kuchukua tofali moja kwenye rundo, akaja nayo mpaka mezani kwa wageni. Akaibonyeza pembeni kwa dole gumba. Kipande kikamegeka, kikaangukia kwenye sahani ya pilau.

"Jamani wageni," alisema, "hii haijakomaa. Mkinijengea hii mtaniulia mjukuu. Ngojeni siku saba, au niachieni nijenge mwenyewe mkiondoka."

Fredrick akainuka, akatabasamu, akatafsiri. Wageni wakapiga makofi! Msichana mmoja mrefu, Maren, akaweka mkono kifuani, machozi yakimlengalenga.

Romani shule iliishia darasa la nne, kule Masasi. Lakini hata mjinga anajua kwamba neno la kifo halipigiwi makofi.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia unashukuru sana. Mzee, usituaibishe."

Romani akaivua ile fulana, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti. Akaenda kwenye ukuta wa upande wa jikoni. Akachungulia upande wa pili kama kuna mtu. Akaita, "Hope, kaa mbali huko!" Kisha akaegemeza bega, akasukuma mara moja.

Ukuta ukakaa chini kama mlevi. Vumbi likatanda, na aliyekuwa kwenye spika akazima muziki.

"Haya, Fredrick," Romani alisema. "Watafsirie na hiyo."

Maren akaja, akaokota kipande, akakifinya. Mchanga ukamtiririka katikati ya vidole. Akamuuliza Fredrick swali fupi. Fredrick akaangalia viatu vyake. Akamuuliza tena, safari hii kwa sauti ya kusikika na wote.

Anwar ndiye aliyepasuka. "Nyumba huna! Jina nimelikata, na hawa wote mashahidi! Tofali zilizobaki kesho asubuhi zinahamia kwa Mauwa, mjane mwenye adabu zake. Funguo atapokea yeye!"

Mauwa alikuwa na wanawake wa jikoni, upawa mkononi.

Basi Romani anarudi alikotoka. Chumba cha Shamimu tena. Beseni chini ya paa tena, masika nyingine. Akalitazama rundo la tofali juani, nyeupe kama mifupa. Akaenda kwenye pipa, akachota ndoo, akaanza kuzimwagia. Zilikunywa kwa mlio, kama ng'ombe waliotoka mbali.

"Unamwagilia nini tena?" Anwar akafoka. "Si zako hizo!"

"Najua si zangu. Hizi za Mauwa." Ndoo ilipoisha, akaketi juu ya rundo, suruali ikalowa. "Atakayenyanyua hata moja kabla ya Jumanne, aanze kuninyanyua mie."

Anwar akageuka kuwatafuta wapambe wake. Wapambe wakakumbuka pilau.

Mauwa akaweka upawa chini, akaja na ndoo ya pili.