Vidole vya Mkuu wa Zamani

"Weka hapo, na usiiguse tena," alisema fundi wa vipimo bila kuinua macho.

Mkuu wake wa zamani alikuwa amekwisha kuitoa rezista, kile kipande kidogo cha kuzuia umeme, pakitini na kuibinyabinya kwa vidole vyake. Akaiweka mezani, akajifuta jasho la paji la uso. Siku hizi alikuwa muuzaji. Rezista elfu mbili za mitambo ya redio zilingoja sakafuni kwenye maboksi, na sampuli hii ikianguka, zote zingerudi naye. Mteja mwingine hakuwa naye.

"Mama Majasho," akacheka. "Kumbe bado upo?"

Jina hilo mkuu ndiye aliyembandika. Miaka tisa iliyopita, mbele ya karakana nzima, alitangaza kwamba vipimo vya mama huyu haviaminiki, eti mikono yake inavuja kama bomba bovu. Uongo mtupu, nafasi ile aliitaka kwa ajili ya shemeji yake. Fundi akapelekwa stoo kufagia, miaka mitatu, na watoto wake wakataniwa hadi shuleni. Alilia wee, akachoka, akaanza kungoja.

Akawasha mtambo. Akazungusha kitasa polepole mpaka koili na kapasita zikaafikiana, mshale ukasimama juu kabisa. Hapo ndipo penye hukumu: ukichomeka rezista yenye ukinzani mkubwa iliyo safi, mshale hushuka kidogo tu; inayovujisha umeme huuporomosha. Akaishika ile ya mkuu kwa kibano, akaichomeka.

Mshale ukaanguka nusu nzima.

Alijua papo hapo. Ubovu haukuwa wa rezista, ni vidole. Unyevu wa jasho lake ulikuwa uking'aa juu ya rezista, ukipitisha umeme. Kanuni ilisema iliyoguswa ifutwe kwa spiriti, ipimwe upya. Isiyoguswa, kipimo ni kimoja tu, hakirudiwi. Chupa ya spiriti ilikuwa karibu na kiwiko chake.

"Mita yangu ilisema iko sawa," mkuu akasema. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Mita ya mfukoni haiwezi kuona uvujaji kama huu." Fundi akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nakuuliza mara moja, na jibu naliandika. Uliishika kwa mkono mtupu?"

Karani wa manunuzi alikuwa kasimama mlangoni, anasikiliza. Mkuu akamwona, akanyoosha shingo.

"Mimi si fundi wa jana. Sijaigusa."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, bwana. Fundi akaandika maneno yale kama yalivyotamkwa, na chini yake: imekataliwa. Karani akatia sahihi, akaondoka na karatasi. Utamu ulimfika fundi mpaka kwenye magego.

"Dada," mkuu akanong'ona, "hebu ipime tena."

"Maboksi yako hayo."

Akainama kuinua la kwanza, shati limemganda mgongoni. Feni ilikuwa ikipuliza juu ya meza, ikikausha rezista, na mshale ukaanza kupanda, taratibu, mstari baada ya mstari. Fundi aliutazama ukikaribia juu. Kisha akanyoosha mkono, akazima mtambo.