Moyo Uko Mikumi

Mume wangu Wenceslaus alipochukuliwa kazi ya barabara Mikumi, moyo wangu ulianza vituko. Nikibeba ndoo, unanidunda mpaka masikioni. Nikilala chali, pumzi inakata, inabidi nikae kitako mpaka kuche. Wanawake wa Magomeni hapa Kilosa walinitania. "Selestina anakondeana kwa mapenzi," alisema jirani yangu Joha, na mimi, sisemi uongo, nilipenda kusemwa hivyo. Kwenye shamba la ujamaa nilikuwa wa kwanza kuweka jembe chini. Afadhali waseme namlilia mume kuliko kuniita mvivu.

Miguu ilipovimba, Joha aliniburuta zahanati. Tabibu Melkizedek, kijana mpole, aliniamkia shikamoo, akaniwekea kipimo kifuani, akasikiliza muda mrefu mpaka nikakereka.

"Mama Magreti, moyo wako hauko sawa."

"Najua. Uko Mikumi."

Joha alicheka mpaka akajishika mbavu. Melkizedek hakucheka. Alikunja ngumi, akawa anaibana na kuilegeza mbele yangu. Moyo, alisema, kazi yake ni kusukuma damu. Damu iliyotumika inarudi kutoka mwilini, inasukumwa mapafuni ikachukue hewa safi, inarudi moyoni, inasukumwa tena hadi kwenye vidole vya miguu. Ndani mna vilango vya kuizuia isirudi nyuma. Kimoja changu kilikuwa hakifungi vizuri. Damu inarudi ilikotoka, moyo unajichosha, maji yanajaa mapafuni na miguuni.

"Utotoni uliwahi kuumwa koo, halafu magoti yakavimba?"

Niliumwa, tukiwa Kisanga. Mama alinikanda kwa maji ya moto, nikapona, tukasahau.

"Basi huenda ulianzia hapo," alisema. Akanipa vidonge vya kupunguza maji mwilini, akanisisitiza niende hospitali Morogoro bila kuchelewa.

Vidonge nilivitia kwenye kikombe kabatini, sikuvigusa. Mtaniona mjinga, lakini hebu fikirini. Kama kidonge kinautuliza moyo, basi muda wote huo nilikuwa namlilia nani? Kila moyo uliporuka nilisema, ndiye huyo, ananiwaza. Likizo hapewi, barabara inatakiwa iishe kabla ya mvua, na mimi sikuwa na kitu chake zaidi ya ule mdundo. Sasa kijana wa watu anataka kuninyang'anya hata huo.

Nikamwachia Joha binti yangu Magreti, nikapanda basi la Mikumi. Nilikwenda kupona kwa mume wangu.

Kutoka barabarani hadi kambini kwao ni kamwinuko tu, watoto wanakapanda wakikimbia. Mimi nilikuwa nasimama, natembea, nasimama. Wenceslaus aliniona kwa mbali, akatupa koleo, akaja mbio. Alikuwa ameungua jua, ananuka lami na jasho, na nilimpenda kuliko siku ya harusi. Tulikaa kivulini juu ya gogo. Nikaegemea bega lake, nikasubiri moyo utulie.

Haukutulia. Alinisimulia habari za tembo waliowakimbiza asubuhi, nikacheka, moyo unakwenda mbio vilevile. Alininywesha maji, akanipepea kwa kofia yake. Pumzi haikurudi. Nilikuwa nimemkumbuka siku nyingi, lakini sikuwahi kumkumbuka kama wakati ule, naye amenishika begani. Nikalia.

"Baba Magreti, nipeleke hospitali Morogoro. Naumwa moyo."

Alitabasamu, akanifuta machozi kwa kiganja chenye lami. "Unaumwa moyo gani tena, mama? Si uko na mimi sasa?"

Nilitamani iwe kweli. Nilitamani mpaka nikakaribia kunyamaza. Halafu nikauchukua mkono wake, nikaubana kifuani kwangu, nikauacha hapo mpaka tabasamu likamfutika usoni.