Odile Akataa Kuvuna

Wiki nzima mawingu yalikuwa yametanda juu ya mashamba ya mizabibu ya Burgundy, na majirani wote walishavuna zabibu zao haraka haraka. Odile Farcy peke yake aligoma. Alikuwa ameonja punje chache akazikuta bado kali.

"Shemeji, acha ukaidi," Armand, mdogo wa marehemu mumewe, alimwambia. "Zitakuozea zote. Kaka angeshavuna."

"Kaka yako alinifunza kuonja, hakunifunza kuogopa."

Mvua ikanyesha siku mbili, na Odile hakupata lepe la usingizi. Siku ya tatu ukavuma upepo mkavu wa kaskazini, ukavikausha vichala kabla havijaoza, kisha jua likawaka siku tano mfululizo. Ndipo akawaita wavunaji.

Armand naye alikuja na kikapu mgongoni. Akachuma kichala, akatafuna polepole, akachuma kingine.

"Lo! Hii ni asali, shemeji. Na mimi zangu nimeshazikamua, chachu kama ndimu!"

Odile akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Chuma basi, usizimalize kwa kuonja!"

Wavunaji wakaangua kicheko, na shangwe ikaenea mteremko mzima wa shamba.