Dakika Nne za Solange

Msinisifie muziki wetu wa Paris wa miaka ile. Mnasema ulikuwa mwepesi, wa raha, umechangamka. Mimi niliupiga miaka thelathini, nikipuliza basuni, lile zumari refu la mbao linalokaa nyuma ya okestra na kutumwa kazi moja tu: kuchekesha. Akiingia mlevi, basuni. Akianguka mtu mnene, basuni. Baada ya vita kuu watu walikuwa wamechoka kulia, hawakutaka mtu awakumbushe misiba ukumbini. Walitaka ngoma za kale za wafalme, fupifupi, zilizotiwa pilipili. Haya, tukawapa.

Bingwa wa pilipili hiyo alikuwa mtunzi wetu, Ambroise Delcourt. Ndiye aliyetia filimbi ya polisi katikati ya ngoma ya kifalme, fidla zikatawanyika kama wachuuzi. Jina lake likionekana kwenye tangazo, watu walianza kutabasamu kabla hawajavua makoti.

Mwaka 1934 mkewe, Solange, alikufa kwa kifua kikuu. Mwaka uliofuata Delcourt alituletea kazi mpya yenye sehemu nne. Ya kwanza, ya pili na ya mwisho zilikuwa mzaha wake wa siku zote. Ya tatu ilikwenda polepole, na wimbo wake alinipa mimi, juu kabisa, pale basuni inapoanza kukosa pumzi.

Baada ya mazoezi ya kwanza alinivuta pembeni.

"Achille, unaziona hizi nafasi tupu katikati ya noti?"

"Naziona, mzee."

"Huyo ni Solange. Alikuwa akiimba huku anamenya njegere, hata alipozidiwa. Akifika hapa pumzi inakatika. Anangoja. Halafu anaendelea." Akaikunja ile karatasi, akaikunjua. "Watu wamenicheka miaka kumi na tano, na mwenyewe niliwaomba wanicheke. Lakini hapa, dakika nne tu, nataka wanyamaze. Nimemwahidi."

"Watanyamaza, mzee. Niachie mimi."

Niachie mimi! Mdomo huu, laiti ningeushona.

Na kwa kweli nilijitahidi. Kwenye mazoezi niliziacha nafasi zile tupu kabisa, bila kitu, hata wapiga fidla wakawa wanainamisha vichwa. Delcourt alikaa mstari wa tano, amefumba macho, vidole vimeshika kiti cha mbele.

Sasa sikieni desturi yetu. Paris hapakuwa na mpigaji asiye na badali wake. Ukipata kazi nyingine siku ya onyesho, unamtuma mwenzio akae kwenye kiti chako, anasoma noti papo hapo mbele ya watu, na hakuna anayeuliza. Viongozi wa okestra walipiga kelele miaka na miaka, wakachoka. Basi Alhamisi watu wa filamu wakaniita nikawapulizie muziki wa picha yao: Jumapili mchana, saa ileile ya onyesho. Ningeweza kukataa. Nilipenda kuitwa na watu wa filamu, ndio ukweli wenyewe.

Jumamosi nikamkuta Raoul Pinchon mkahawani, anachovya mkate kwenye kahawa. Raoul ndiye badali wangu, fundi hasa, anasoma noti yoyote kama anasoma gazeti.

"Kuna mtego wowote kwenye noti za kesho?" akaniuliza.

"Mtego gani, bwana? Delcourt huyo. Si unamjua?"

"Ah, Delcourt! Basi nitawavunja mbavu."

"Wavunje!"

Tukacheka, nikaenda zangu. Haki ya Mungu, sikukumbuka. Dakika nne za marehemu zilinitoka kichwani kama mtu anavyosahau mwavuli.

Kazi ya filamu iliisha mapema. Nilikuwa nimempulizia mtu mnene aliyekwama mlangoni, mara sita. Ndani ya treni ya chini ya ardhi ndipo nilipokumbuka. Nilitoka mbio, nikapanda ngazi za ukumbi mbilimbili, nikasukuma mlango wa juu. Fidla zilikuwa zinanyamaza, Raoul anaanza wimbo.

Hakukosea hata noti moja. Yeye simlaumu. Aliona basuni iko juu, inahema, na jina la Delcourt limeandikwa pale, angefikiri nini? Kila palipokatika pumzi akatia kijisauti, kwi, kama mlevi mwenye kwikwi. Mara ya kwanza alicheka mwanamke mmoja. Mara ya pili ukacheka mstari mzima. Kiongozi akamwinulia mkono amzuie, Raoul akadhani anaombwa azidishe. Akazidisha. Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi nimesimama juu kule nimeshikilia mlango kama mjinga.

"Tena! Tena!"

Walipiga makofi hata sehemu ya nne ikashindwa kuanza. Kiongozi akageuka kumtazama Delcourt, na Delcourt akasimama. Nikasema moyoni, sasa atawafukuza wote. Akainama, akawatolea tabasamu, akaashiria kwa mkono: rudieni. Solange akakatika pumzi upya, watu wakipiga mapaja.

Nilimfuata baadaye kwenye ujia, anapeana mikono na watu.

"Mzee, kosa ni langu. Nilimtuma yule bila kumwambia."

"Najua."

"Jumapili ijayo nitaipiga mwenyewe, kama ulivyotaka."

"Bwana mmoja ameniambia hajacheka hivi tangu amzike mwanawe." Alisema taratibu, hata hasira hana, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nimwambie nini, Achille? Kwamba amemcheka mke wangu? Utaipiga kama mwenzio alivyoipiga."

"Siwezi, mzee."

"Hata mimi siwezi. Uje mapema."

Jumapili iliyofuata sikutuma badali. Nilizitia kwikwi zote, moja baada ya moja, na kwa kuwa mimi ni fundi kuliko Raoul, walicheka zaidi. Delcourt alikuwa mstari wa tano, anacheka nao, mdomo wazi, machozi yanamtiririka, na jirani yake asiyemjua akampa leso na kumwambia, "Huyu Delcourt atatuua!"